Sakitu ya Nyahururu: Maisha na Mbio za Samuel Kamau Wanjiru (1986–2011)

Barabara itokayo Nakuru kwenda Nyahururu ina urefu wa kilomita zipatazo 65 tu, lakini anayeisafiri alfajiri huhisi kana kwamba amevuka kutoka msimu mmoja wa mwaka hadi mwingine. Huanza na vuguvugu la Bonde la Ufa, hupita Bahati na Subukia, kisha gari huinamisha mgongo na kuanza kukwea ukingo wa bonde. Kila kona inapopindwa, vioo huzidi kufunikwa na ukungu na abiria huzidi kujikunyata. Sisi wa Kabazi, ambao makazi yetu yako chini ya ukingo huo, tunaijua baridi ya umande na ukungu, ile inayomfanya mtoto wa shule aingize mikono katika mikono ya sweta. Sakitu yenyewe, hata hivyo, ni mali ya wenzetu wa juu, wa Nyahururu, Ol Kalou na Ol Joro Orok.

Katika miezi ya kiangazi, hasa Desemba hadi Februari, anga la nyanda hizo huwa jeupe usiku kucha. Pasipo mawingu ya kuifunika, ardhi hupoteza joto lake upesi, nayo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama mabondeni. Umande huganda juu ya nyasi. Kunapopambazuka, malisho huwa meupe kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi, na jua likishapanda majani ya viazi husinyaa na kuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Mkulima wa huko huiogopa asubuhi kama hiyo kuliko anavyomwogopa mwizi.

Hapa inafaa tusite kidogo juu ya neno lenyewe, maana jarida hili ni la wapenzi wa lugha. Kiswahili kilikulia pwani, na kipupwe cha Mombasa au Lamu ni majira ya kupumua baada ya joto. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi wanapotaka kuisawiri baridi ya bara hukimbilia theluji au barafu, ilhali hivyo ni vitu vingine. Theluji huanguka kutoka angani, nayo barafu ni maji yaliyoganda. Sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, haianguki. Hujiumba papo hapo juu ya jani, usiku, pasipo mtu kuiona. Neno hili limo kamusini miaka na miaka likisubiri watumiaji, na sijui mahali linapostahili kutumiwa kuliko katika maisha ya wakimbiaji wa Nyahururu.

Wakimbiaji hao huamka kabla ya jogoo wa pili. Huvaa suruali mbili, kofia ya sufu na glavu, na huondoka kwa kundi, pumzi zao zikitoka vinywani kama moshi wa jikoni. Hatua za mwanzo huwa za polepole mno, kiasi kwamba mpita njia angewadhania kuwa wazee waendao sokoni. Misuli iliyopoa haitaki kuharakishwa. Baada ya kilomita tatu au nne kundi huanza kunyooka, mazungumzo hukatika, na hapo ndipo hujulikana nani alilala mapema na nani alichelewa kulala. Mji wa Nyahururu uko mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama robo tatu ya ile ya Mombasa. Anayekimbia huko hutumia pumzi kwa uangalifu, kama mtu atumiaye fedha za mkopo.

Miongoni mwa makundi hayo, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, alikuwamo mvulana aliyekuja kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Olimpiki. Makala haya yanasimulia maisha yake. Yameandikwa kwa imani kwamba maisha hayo yalishikiliwa na jambo moja, nalo ni ile asubuhi ya baridi pamoja na wenzake. Asubuhi hiyo ilipokuwa na mwenye kuisimamia, hapakuwa na mtu duniani wa kumtisha. Ilipokosa msimamizi, kila kitu kililegea.

Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986 katika eneo la Nyahururu, mji ambao wakoloni waliuita Thomson's Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Ewaso Narok, yenye kimo cha mita 74 hivi. Jina Wanjiru lilikuwa la mama yake. Kwa desturi ya Wagikuyu mtoto hutambulishwa kwa jina la babake, kwa hivyo anayebeba la mama hadharani huwa ameshatueleza mengi kuhusu nyumba alimolelewa. Mama huyo alimlea peke yake, kwa msaada wa wazee wake, katika umaskini wa kawaida wa vijiji vyetu, ambao hauandikwi magazetini kwa kuwa hauna ajabu. Karo ilipokosekana, mtoto aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia akiwa na miaka minane.

Kijana aliyeacha shule pale Nyahururu katika miaka hiyo hakukosa wa kumwiga. John Ngugi, aliyetawala mbio za nyika za dunia mara tano kati ya 1986 na 1992 na kushinda mita 5,000 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, alikuwa wa pande hizo. Eric Wainaina, mzaliwa wa Nyahururu, alikuwa ameleta nyumbani shaba ya marathoni kutoka Atlanta mwaka wa 1996, kisha fedha kutoka Sydney mwaka wa 2000. Wainaina alikuwa na makao yake ya mazoezi nchini Japani, kama alivyokuwa Douglas Wakiihuri kabla yake, aliyepata fedha pale Seoul. Hivyo, katika mawazo ya vijana wa Nyahururu, Japani haikuwa nchi ya mbali sana. Ilikuwa kama kituo cha pili cha basi.

Mwaka wa 2002 Wanjiru alichukuliwa na kupelekwa Sendai, kaskazini mashariki mwa Japani, katika shule ya upili ya Sendai Ikuei. Alikuwa na umri wa miaka 15. Hakujua Kijapani, na shule alikuwa ameiacha miaka kadhaa iliyotangulia. Mara nyingi wasimuliaji wa maisha yake huupita wakati huu kwa sentensi moja, kana kwamba mtoto alipanda ndege maskini na kushuka akiwa bingwa. Mimi naona kwamba hapa ndipo penye kiini cha habari.

Tuyatafakari mazingira yenyewe. Sendai iko nyuzi 38 kaskazini mwa ikweta, ilhali Nyahururu iko karibu kabisa na mstari huo wa ikweta. Kwao, baridi ilikuwa ya asubuhi tu. Ikifika saa tatu jua limekwisha kuifukuza, na mchana mtu hufua nguo zikakauka. Baridi ya Sendai huja ikakaa. Katika Januari wastani wa joto la siku nzima hauzidi sana nyuzi mbili za selsiasi, na usiku hushuka chini ya kiwango cha maji kuganda. Jua huchelewa kutoka na huwahi kuondoka. Mtoto aliyekuwa akikimbia ili ajipashe moto na kurudi kwenye uji alikuta baridi isiyo na mwisho, lugha isiyo na ndugu na yake, na ratiba iliyoandikwa ukutani. Wanafunzi wa bwenini walitoka nje alfajiri kwa pamoja, wakakimbia kwa pamoja, wakarudi kuoga na kula kwa pamoja, kisha darasani. Hakuna aliyeulizwa kama ameamka vyema.

Wajapani wana neno gaman, lenye maana ya kustahimili lililo gumu bila kulalamika na bila kupoteza heshima. Wanjiru mwenyewe, katika miaka ya ushindi, alilitaja neno hilo kuwa ndilo alilojifunza huko. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulifasiri kwa subira, au saburi, au ustahimilivu, lakini yote matatu hayalifikii barabara, kwa kuwa subira yetu aghalabu ni ya mtu mmoja na Mola wake, wakati gaman ni ya mtu mbele ya wenzake. Anayevumilia hufanya hivyo ili asiwaangushe.

Jambo hilo huonekana wazi katika mchezo ambao Wajapani huupenda kupindukia, yaani mbio za kupokezana za barabarani ziitwazo ekideni. Badala ya kijiti, wakimbiaji hupokezana ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani, ukiwa umelowa jasho la aliyetangulia. Mashindano ya taifa ya shule za upili hufanyika Kyoto kila Desemba, katikati ya baridi, na kwa wavulana kilomita 42.195 hugawanywa miongoni mwa wakimbiaji saba. Sendai Ikuei ilitwaa ubingwa huo mwaka wa 2003 na tena mwaka wa 2004, Wanjiru akiwa mmoja wa saba hao. Katika mbio za nyika pia alizishinda zile za Fukuoka na Chiba, ambazo hukimbiwa wakati nyasi za Japani zimekauka kwa baridi. Kwa maneno mengine, kabla dunia haijamjua kama mkimbiaji wa marathoni, alikuwa amekwisha kuwa sehemu ya saba ya marathoni, na alikuwa na watu sita waliomsubiri.

Alipohitimu mwaka wa 2005 aliajiriwa katika timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, kusini mwa nchi hiyo, chini ya kocha Koichi Morishita, aliyekuwa ameshinda fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992. Kyushu ni kinyume cha Sendai. Kiangazi chake kina joto zito lenye unyevu, la kumfanya mtu atokwe na jasho akiwa ameketi. Jambo hili tulishike, tutalihitaji tutakapofika Beijing.

Miaka miwili iliyofuata naweza kuipitia mbiombio, kwa sababu ni miaka ya tarakimu. Mnamo tarehe 26 Agosti 2005 alikimbia mita 10,000 mjini Brussels kwa dakika 26 na sekunde 41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Septemba, alikimbia nusu marathoni ya Rotterdam kwa dakika 59 na sekunde 16. Rekodi ya dunia iliyokuwapo ilikuwa ya Paul Tergat, dakika 59 na sekunde 17. Sekunde moja! Haile Gebrselassie wa Uhabeshi alimnyang'anya rekodi hiyo Januari 2006, naye akairudisha Februari 2007 huko Ras Al Khaimah kwa dakika 58 na sekunde 53, kisha Machi ya mwaka huohuo akaipunguza tena mjini The Hague hadi dakika 58 na sekunde 33. Desemba 2007 alijaribu marathoni nzima kwa mara ya kwanza, mjini Fukuoka, akashinda kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 39. Aprili 2008 alikuwa wa pili London, sekunde tisa nyuma ya Martin Lel.

Hapo ndipo tunapofika Agosti 2008. Msomaji asisahau hali ya nchi yetu katika mwaka huo. Miezi michache kabla yake, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimelipasua Bonde la Ufa. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulikuwa umegeuka kambi ya wakimbizi wa ndani, na wengi walikuwa bado hawajarejea makwao. Wanariadha hawakusalimika. Lucas Sang, aliyekuwa ameiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya 1988, aliuawa. Luke Kibet, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka wa 2007, alipigwa jiwe kichwani. Kibet huyohuyo ndiye aliyesimama pamoja na Lel na Wanjiru kwenye mstari wa kuanzia katika uwanja wa Tiananmen, asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2008, wote watatu wakiwa katika rangi moja.

Wataalamu walikuwa wametabiri mbio za polepole. Beijing ya Agosti ina joto, na mwili wa mkimbiaji ni tanuri. Sehemu kubwa ya nguvu zinazotumiwa na misuli, yapata robo tatu au zaidi, hugeuka joto linalopaswa kutoka kupitia ngozi na jasho. Katika asubuhi ya sakitu hewa yenyewe hulichukua joto hilo. Katika asubuhi ya Beijing, ambapo jua lilikuwa likipanda pasipo wingu, joto halina pa kwenda. Kwa sababu hiyo mabingwa wa Olimpiki wa miaka iliyotangulia walisubiri, wakachungana, kisha wakashambuliana mwishoni.

Wanjiru hakusubiri. Tangu kilomita ya kwanza alikwenda mbele, na kilomita tano za mwanzo zilimalizika kwa chini ya dakika 15. Wale waliokuja kusubiri walijikuta wakilazimika kuchagua kati ya kumfuata na kuangamia, au kumwacha na kushindwa. Nusu ya safari ilikatwa kwa dakika 62 na ushei. Alikuwa akipunguza mwendo, kisha akiuongeza ghafla, kisha akiupunguza tena, kama mtu anayeipima kamba ili ajue itakatikia wapi. Kundi lilipukutika hadi wakabaki yeye, Jaouad Gharib wa Moroko na Deriba Merga wa Uhabeshi. Merga alidhoofika, na baadaye alinyang'anywa shaba na Mhabeshi mwenzake, Tsegay Kebede, wakiwa wamekwisha kuingia uwanjani. Katika kilomita za mwisho Gharib naye aliachwa. Wanjiru aliingia katika uwanja ule unaofanana na kiota cha ndege akiwa peke yake, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa ya Carlos Lopes wa Ureno, tangu mwaka wa 1984, na aliipunguza kwa karibu dakika tatu. Alikuwa na umri wa miaka 21. Tangu mwaka wa 1932, aliposhinda Juan Carlos Zabala wa Argentina, hapakuwa na bingwa wa marathoni aliyekuwa kijana kama yeye.

Ni rahisi kusema kwamba baridi ya Nyahururu ndiyo iliyomzaa bingwa huyu, na wengi wamesema hivyo. Ukweli ni kwamba joto la Beijing alilizoea kwa miaka mitatu ya kiangazi cha Kyushu. Baridi ilimpa kitu kingine, yaani tabia ya kutoka nje kabla akili haijapata nafasi ya kubisha. Kule Beijing mwendo wa kasi ulikuwa jambo lisilo la busara, na kila mwenye busara alilikwepa. Aliyewahi kukanyaga nyasi zilizoganda kwa miaka kumi mfululizo hajazoea kuuliza kama asubuhi inafaa.

Aidha, kuna sadfa moja ya saa ambayo siwezi kuiacha. Mbio za Beijing zilianza saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko. Wanjiru alipokata utepe, Kenya ilikuwa saa kumi na dakika 36 alfajiri. Habari ya dhahabu ya kwanza ya marathoni iliufikia ukingo wa Bonde la Ufa katika saa ileile ambayo wakimbiaji hujifunga viatu gizani. Katika eneo ambalo mwaka huo lilikuwa limeamshwa alfajiri na mayowe ya aina nyingine, nyumba zilizokuwa na redio ziliamshwa na kelele za furaha, na hakuna aliyeuliza jina la pili la mshindi lilitoka upande gani.

Baada ya hapo, mali ilikuja kama mafuriko. Aprili 2009 alishinda London kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 10. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo alikimbia Chicago katika asubuhi ya baridi kali, joto likiwa karibu na kiwango cha maji kuganda, watazamaji wakiwa wamejifunika hadi masikioni. Mtu wa Sendai na Nyahururu hakuwa mgeni hapo. Alimaliza kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 41, na rekodi ya Chicago iliyokuwa imewekwa na Khalid Khannouchi mwaka wa 1999 ilikuwa sekunde 42. Sekunde moja kwa mara ya pili katika maisha yake! Mwaka wa 2010 alijitoa katika mbio za London kwa sababu ya goti, lakini Oktoba alirudi Chicago, akiwa hakujiandaa ipasavyo, akapambana na Kebede hatua kwa hatua hadi mita za mwisho na kumshinda. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa ushindani mkali kuliko wote uliopata kuonekana katika marathoni. Kwa jumla ya alama za marathoni kuu za dunia alikuwa bingwa mara mbili mfululizo, na kila ubingwa ulikuwa na zawadi ya dola 500,000.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kijana huyu alichumia baridini, na kivuli alichokalia kilikuwa cha nyumba kubwa mjini Nyahururu, mji uleule aliouacha akiwa hana karo. Alikuwa ameondoka Toyota Kyushu katikati ya mwaka wa 2008, kabla ya Olimpiki. Tangu hapo hapakuwa na bweni, wala ukanda wa begani, wala watu sita wa kusubiri. Palikuwa na makocha wazuri, ni kweli, na walimfundisha vyema walipompata. Palikuwa pia na marafiki wengi wapya, na bingwa mkarimu wa miaka 22 mwenye mamilioni katika mji mdogo hawezi kuwakosa. Waliomfahamu na walioandika habari zake walieleza wazi kwamba pombe ilianza kuchukua nafasi ya alfajiri. Wale aliokuwa akikimbia nao waliendelea kupita gizani, naye siku nyingine alikuwamo, siku nyingine hakuwamo.

Desemba 2010 alifikishwa mahakamani kwa madai ya kumtishia mke wake na ya kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Aliyakana. Februari 2011 mke aliondoa malalamiko yake na wawili hao wakaonekana hadharani wamepatana. Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kuhusu namna alivyoanguka, polisi, jamaa na mama yake hawakukubaliana, na mabishano hayo yalichelewesha mazishi. Alizikwa tarehe 11 Juni 2011, karibu wiki nne baada ya kifo chake.

Mwandishi wa wasifu hushawishika hapa kugeuka hakimu, na waandishi wengi waligeuka. Nadhani ni heri kuuliza swali la kiutendaji zaidi. Shule ya Sendai ilipompokea mtoto wa miaka 15 ilijua kwamba kipaji ni nusu ya kazi, kwa hivyo ikamwekea saa ya kulala, ya kula, ya kusoma na ya kukimbia. Je, ni chombo gani hapa kwetu kilichompokea kijana wa miaka 21 aliyerudi na dhahabu? Palikuwa na sherehe na hotuba. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alituonyesha mtu wa kijijini aliyeinuliwa na sauti yake, na hakusahau kuwatazama waliomzunguka. Wakimbiaji wetu wanastahili kuandikwa kwa jicho hilohilo, ambalo huwatazama pia waliosimama kando ya barabara, na waliokaa mezani.

Tarakimu zake hazikufa upesi. Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, Rio de Janeiro mwaka wa 2016 na tena mwaka wa 2021 katika michezo ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilihamishiwa Sapporo kwa matumaini kwamba kaskazini kungekuwa na ubaridi. Mara zote mbili alitumia zaidi ya saa 2 na dakika 8. Rekodi ya Beijing ilidumu karibu miaka 16, hadi tarehe 10 Agosti 2024, Tamirat Tola wa Uhabeshi alipokimbia Paris kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 26. Alimpita Wanjiru kwa sekunde sita.